Shajara ya Mradi wa Hodi: wiki nne ndani ya gari-nyumba

Kabla ya kuondoka

Nyumbani kwetu North Carolina kuna daftari la maombi. Ni daftari la shule la mistari, jalada lake limebandikwa gundi mara mbili, na ndani yake kuna majina ya watu na huduma ambazo mimi na mume wangu tumeziombea kila asubuhi kwa miaka tisa. Baadhi ya watu hao hatujaonana nao tangu wahame. Wengine tunawajua kwa sauti tu. Mume wangu alipostaafu useremala, asubuhi moja alilifunga lile daftari akasema, "Mama, hawa watu tumewaombea tukiwa tumekaa. Tuinuke sasa tukawapigie hodi."

Tukanunua gari-nyumba lililotumika. Hapa Marekani magari haya yamegawanywa katika madaraja A, B na C. Letu ni C, lile lililojengwa juu ya chasisi ya lori dogo, lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva. Lina urefu wa mita 8.5 na kimo cha mita 3.4. Kimo hicho nimekiandika kwa kalamu nyekundu nikakibandika mbele ya usukani, maana aliyezoea gari dogo husahau paa lake akifika kwenye daraja la chini.

Kwa nini gari-nyumba, wakati hoteli zipo na marafiki wana vyumba? Kwa sababu wengi walio kwenye daftari letu ni watu waliochoka. Mgeni akija, hata awe mpole namna gani, shuka zitafuliwa, chakula kitaongezwa, na mwenyeji atalala amechelewa na kuamka mapema. Tulitaka tufike na kitanda chetu, jiko letu na choo chetu, ili mwenyeji atupe kitu kimoja tu, muda wake. Sharti la pili tulilojiwekea ni kuuliza, kila tunapofika, kuna kazi gani ya kufanya. Mume wangu ana randa na drili. Mimi ni muuguzi.

Matayarisho yalichukua wiki sita. Nitaje mawili tu. Tulilipitisha gari kwenye mizani ya malori likiwa limejaa kila kitu, tukakuta ekseli ya nyuma imezidi kiwango kwa kilo 140. Lita moja ya maji ni kilo moja, na tanki letu la maji safi huchukua lita 150. Ukisafiri nalo limejaa, ni kama umebeba watu wazima wawili. Tangu hapo tunaweka robo tu njiani, tunajaza tukifika. Sanduku la zana nalo likapunguzwa, na najua lilimuuma mwenyewe.

La pili ni matairi. Aliyetuuzia gari alisema ni mapya, na kweli kashata zilikuwa nzuri. Lakini tairi linalouzwa Marekani lina msimbo unaoanza na herufi DOT, na tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka lilipotengenezwa. Yetu yalisoma 2215, yaani wiki ya 22 ya mwaka 2015. Mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama uani. Tukabadilisha ya mbele, na ya nyuma yale ya nje. Nyuma matairi yako mawili mawili kila upande, na yale ya ndani hatukuweza kusoma tarehe yake, kwa kuwa msimbo kamili huchapwa ubavu mmoja tu na ulikuwa umegeukia ndani. Tukayaacha. Nitarudi kwenye hili.

Siku ya 1 na ya 2: Charlotte

Tulianza Machi, kabla ya joto. Kituo cha kwanza kilikuwa ni ombi la mume wangu: kaburi la Billy Graham, lililo kwenye bustani ya maktaba inayoitwa kwa jina lake hapa Charlotte, kando ya mke wake Ruth. Mhubiri huyo alifariki Februari 2018 akiwa na miaka 99. Kilichomvuta mume wangu ni jeneza. Graham na mkewe walizikwa kwenye majeneza ya plaiwudi yaliyotengenezwa na wafungwa wa gereza la Angola, Louisiana, yenye msalaba wa mbao uliopigiliwa juu ya kifuniko. Mwana wao Franklin aliyaona alipolitembelea gereza hilo, akaomba yatengenezwe kwa ajili ya wazazi wake.

Mume wangu alisimama pale kwenye jiwe muda mrefu, mikono nyuma. Baadaye garini akaniambia kwamba plaiwudi ni mbao isiyosamehe: ukikata vibaya pembeni inachanika nyuzi, na hakuna pa kuficha. "Mfungwa yule alikuwa na msasa mkononi," alisema, "na alijua anamtengenezea nani." Nikaandika kwenye daftari: Angola, siku ya 15.

Siku ya 3: Waxhaw

Kilomita kama arobaini kusini mwa Charlotte ndipo walipo JAARS, wanaosaidia kazi ya kutafsiri Biblia kwa ndege, mashua na mawasiliano. Cameron Townsend aliianzisha 1948, baada ya kuona watafsiri wakitembea siku nyingi msituni kufika mahali ambapo ndege ingefika kwa saa moja. Rafiki yetu, fundi wa injini za ndege, alitupokea jioni baada ya kazi. Hakuwa na haja ya kufanyiwa kazi yoyote. Alihitaji tu kusema, akasema hadi saa tano usiku, nasi tukasikiliza.

Pale Waxhaw kuna makumbusho ya alfabeti. Nilipita mbele ya maandishi ya watu wengi wa dunia, na wazo lililonijia ni Biblia yangu iliyokuwa kwenye droo ya gari, ile ya Union Version ya 1952. Kabla yake walikuwapo wamisionari watafsiri, akina Krapf na Askofu Steere, wakiuliza watu wa pwani neno moja moja. Nimeisoma Biblia hiyo tangu utoto kama kitu kilichokuwapo siku zote, na siku hiyo tu ndipo nilipofikiri juu ya watu walioketi na kuuliza.

Siku ya 5 hadi ya 9: Americus, Georgia

Hapa nitakaa kidogo.

Mchungaji mstaafu na mkewe ni marafiki zetu wa miaka mingi. Mama amepoteza kumbukumbu, na Mchungaji anamtunza peke yake. Kwenye simu alikuwa akisema, "Tunamshukuru Mungu, tuko salama." Tulipofika tuliona kwa macho. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala usiku mzima tangu siku nyingi, kwa sababu Mama huamka saa nane za usiku na kutafuta mlango wa kutokea.

Tuliegesha uani, tukachomeka waya kwenye soketi ya gereji. Hapo kuna somo kwa wenye magari haya. Kwenye kambi za magari tunapata umeme wa ampea 30. Kwa volti 120 hizo ni wati 3,600. Soketi ya nyumba ni ampea 15, nusu yake. Kiyoyozi na maikrowevu haviwashwi pamoja, la sivyo swichi inakata umeme wa gereji yote, pamoja na friji ya mwenyeji yenye dawa. Kwa hiyo kiyoyozi hatukukiwasha.

Siku ya pili nilimwambia Mchungaji aende akalale kitandani mwetu, garini. Alikataa. Nikamwambia, "Baba, mimi ni muuguzi, na mlango wa gari u hatua ishirini kutoka hapa. Ukisikia sauti yangu utatoka." Akaenda kwa muda wa kuonja, alivyosema. Alilala saa kumi na moja mfululizo. Mama na mimi tuliketi sebuleni tukikunja taulo. Akimaliza rundo, nilizikunjua nikampa tena, na kila mara alizipokea kama kazi mpya, akizipiga pasi kwa kiganja kuanzia katikati kwenda pembeni. Katikati ya usiku akaanza kuimba wimbo wa zamani wa kanisani, beti zote nne, bila kukosea neno. Jina langu hakulijua. Nilimfuata kwa sauti ya pili.

Mume wangu naye alitengeneza njia ya mteremko pale kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, sentimita kumi na mbili kwenda mbele kwa kila sentimita moja ya kupanda, ili kiti cha magurudumu kipite siku kitakapohitajika. Mchungaji alisimama akitazama, akasema, "Sikutaka kuijenga, maana kuijenga ni kukiri." Kisha akamshikia ubao.

Mchana wa siku ya 8 tulikwenda Koinonia, shamba lililo nje ya mji. Clarence na Florence Jordan walilianzisha pamoja na wenzao 1942, weupe na weusi wakifanya kazi pamoja na kula meza moja. Jina ni neno la Kigiriki lenye maana ya ushirika. Miaka ya hamsini majirani waliwasusia: wenye maduka wakakataa kuwauzia, bima zikafutwa, banda lao la barabarani likalipuliwa kwa baruti, risasi zikapigwa usiku kwenye nyumba zao. Waliokolewa na kokwa za pekani, ambazo waliziuza kwa posta kwa watu wa mbali wasioweza kutishwa na majirani. Hadi leo wanaziuza.

Ni hapo ndipo Millard Fuller, mwanasheria aliyegawa utajiri wake, alipojifunza pamoja na Jordan wazo la kujengea maskini nyumba bila faida na bila riba. Yeye na mkewe Linda walilipeleka wazo hilo Mbandaka, Zaire, wakajenga kwa miaka mitatu kuanzia 1973, na waliporudi wakaanzisha Habitat for Humanity 1976. Mume wangu alifurahi sana kusikia kwamba mpango ule ulipitia ukingoni mwa mto Kongo kabla ya kuenea Marekani. Habitat wamekuwa pia na mpango wa wenye magari-nyumba, wanaokwenda na magari yao kwenye eneo la ujenzi, wanapiga misumari mchana na kulala kwenye vitanda vyao usiku. Kuna na mikusanyiko mingine ya namna hiyo, kama SOWERs, ambao ni wanandoa wanaozunguka kutengeneza kambi na shule za Kikristo. Kumbe wazo letu halikuwa geni. Nilifarijika.

Tulipita Plains, mwendo wa kilomita 15, alikozikwa Jimmy Carter, aliyefundisha shule ya Jumapili katika kanisa la Maranatha kwa miaka mingi baada ya kuwa rais, na kushika nyundo ya Habitat tangu 1984.

Kuagana na Mchungaji kulikuwa kugumu. Tumeandika kwenye daftari: kurudi Septemba, wiki mbili.

Siku ya 10 na ya 11: Alabama

Ukivuka mto kutoka Columbus, Georgia, kwenda Alabama, saa inarudi nyuma moja. Tulifika Montgomery saa moja mapema kuliko saa yetu ya Georgia ilivyosema.

Kutoka Montgomery tulishika barabara namba 80 kwenda Selma, ile ile waliyoitembea waandamanaji wa haki ya kupiga kura mwaka 1965, wao wakija upande wetu. Tarehe 7 Machi walipigwa kwenye daraja la Edmund Pettus. Tarehe 21 walianza tena chini ya ulinzi wa amri ya mahakama, wakatembea kilomita 87 kwa siku tano. Nilikuwa najua habari za daraja. Nisichokifikiria ni mahali walipolala. Kando ya barabara kuna alama za kambi zao: mashamba ya watu weusi waliokubali mahema yapigwe kwao, wakijua watakaobaki na hasira ya majirani ni wao, si waandamanaji. Usiku wa mwisho walipokelewa na City of St. Jude, kituo cha Wakatoliki kilichokuwa na shule na hospitali. Mume wangu alipunguza mwendo kwenye kila alama. Malori yalitupita yakipiga honi.

Selma kuna ndugu wa huduma ya vijana. Mji huo ulipigwa na kimbunga cha aina ya tornado Januari 2023, na bado kuna majengo yenye turubai mahali pa paa. Usiku tuliofika, simu zetu zililia tahadhari. Hili lisiachwe: kimbunga cha namna hiyo kikitangazwa, usibaki ndani ya gari-nyumba. Ni boksi jepesi lenye ubavu mpana. Funga gesi kwenye tanki, chukua viatu, tochi, dawa na hati, nenda kwenye jengo imara, chumba cha ndani, ghorofa ya chini kabisa. Tulikaa kwenye korido ya kanisa pamoja na familia saba, watoto wamejifunika mito ya benchi vichwani, hadi saa saba usiku. Upepo ulipita mbali na sisi. Kijana mmoja aliniuliza tunatoka wapi na gari lile, nikamweleza habari za daftari. Akaniomba niandike jina lake. Limo.

Siku ya 13: hali ya gari

Tairi la ndani, nyuma kulia, limepasuka magharibi mwa jimbo la Mississippi. Tulisikia mlipuko, kisha kitu kikipiga chini kama rungu. Likipasuka, usikanyage breki kwa nguvu. Shika usukani sawa, acha gari lipungue lenyewe, ndipo utoke barabarani. Mume wangu alifanya hivyo hivyo. Vipande vya mpira vilikuwa vimevunja bomba la tanki la maji machafu ya jikoni na kung'oa mlango wa sanduku la pembeni. Fundi alipolitoa tairi alitugeuzia ule ubavu uliokuwa ndani: 2215. Tulijua swali, hatukulitafutia jibu. Tumebadilisha na la upande wa pili siku hiyo hiyo, na bomba limeunganishwa kwa gundi na kiungio kipya. Siku moja imepotea.

Mafuta hadi sasa: wastani wa kilomita tatu na nusu kwa lita. Tanki la choo linamwagwa kila siku ya nne, la choo kwanza, la maji ya jikoni baadaye, ili yasuuze mpira wa kumwagia.

Siku ya 15 hadi ya 17: St. Francisville, Louisiana

Dada tuliyemtembelea huwaandikia barua wafungwa. Alitupeleka hadi mwisho wa barabara namba 66, ambako lami inaishia kwenye lango la gereza. Nyuma ya lango kuna hekta zaidi ya 7,000, mto Mississippi umeizunguka pande tatu. Lilikuwa shamba la watumwa, na jina la Angola lilitokana na nchi walikotolewa watu waliolima pale. Nilikuwa nimelisikia jina hilo kama jina la gereza tu. Mbele ya lango lilinishika kooni.

Hatukuingia, tuliona makumbusho yaliyo nje, kisha tukakaa garini akatueleza. Wengi wa waliomo wana kifungo cha maisha, na Louisiana kifungo hicho hakina msamaha wa mapema. Tangu 1995 seminari ya Wabaptisti ya New Orleans imekuwa ikifundisha humo hadi shahada, na wahitimu wengine wamepelekwa magereza mengine kama wamisionari. Wafungwa wenyewe huwauguza wenzao wanaokaribia kufa: wanawaosha, wanawalisha, wanakesha nao kwa zamu. Zamani aliyefia humo alizikwa kwenye boksi la karatasi ngumu. Siku hizi anapewa jeneza lililorandwa na wenzake na kuvutwa na farasi hadi makaburini.

Mume wangu aliuliza swali moja, kama wana msasa wa kutosha. Dada alisema hajui, ataandika aulize.

Kazi yetu kwake ilikuwa rafu ya barua. Alikuwa akiziweka kwenye maboksi chini ya kitanda. Sasa zina vyumba ishirini na nne, kila mtu na chake.

Siku ya 19 hadi ya 21: mashariki mwa Texas

Mercy Ships, wenye meli-hospitali zinazokwenda Afrika, wana makao yao Garden Valley. Don na Deyon Stephens waliianza kazi hiyo 1978. Muuguzi mwenzangu aliyefanya nami kazi zamani anajiandaa kwenda tena melini. Tulitembea, tuliomba, nikamsaidia kufunga masanduku mawili. Alinionyesha fomu ya kujiunga. Nimeichukua. Sijaijaza.

Siku ya 23: Dallas

Jina la mwisho kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari ni la dada aliyefiwa na mume miaka minne iliyopita. Tumeomba naye kwa simu kila Alhamisi tangu msibani, na hatukuwahi kufika.

Tuliegesha mbele ya nyumba jioni, saa kumi na mbili na nusu. Nikapiga hodi. Alifungua akiwa na kitambaa cha kufutia mikono begani, akanishika uso kwa mikono miwili, hakusema kitu. Baadaye nikamweleza utaratibu wetu kama tulivyowaeleza wengine wote: tuna kila kitu garini, asijisumbue, tutalala huko.

Akanishika mkono akanipeleka koridoni, akafungua mlango. Kilikuwa chumba cha mumewe cha kusomea. Alikuwa ametoa vitabu, akapaka rangi ukuta mmoja, rangi ilikuwa bado inanukia. Ndani kulikuwa na kitanda kilichotandikwa, meza ndogo, kiti kimoja, na taa. Vitu vinne, vile vile alivyoviweka yule mwanamke wa Shunemu kwa ajili ya Elisha. "Nimekifungua kwa ajili yenu," alisema. "Tangu azikwe hakuna aliyelala humu."

Nikamwita mume wangu. Alisimama mlangoni akavitazama, kisha akatoka nje akafunga gesi, akazima pampu ya maji, akarudi na ndala zetu na ile Biblia ya droo. Gari-nyumba lilikaa mbele ya nyumba usiku kucha, taa zake zimezimwa.

Asubuhi aliniuliza kama kitanda kilikuwa kigumu. Tumemwambia tutakaa hadi Alhamisi.